Yule muuza laptop wa Mwanjelwa leo kanihesabia vidole mbele ya watu!!!

Binti_Rungwe

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya daladala ya Uyole, tumekwama foleni ya Sae, hasira zimenipanda mpaka simu inateleza mkononi. Simtaji jina na wala hakuna haja. Yule wa Mwanjelwa. Mnamjua. Kila mwenye laptop kuanzia Mbalizi mpaka Uyole ana kovu lake kutoka kwa huyo mtu.

Leo kanihesabia vidole.

Nimetoka Tukuyu alfajiri na hela yangu ya parachichi, laki saba taslimu, nimeifunga kwenye pindo la kanga. Mimi naediti video za harusi, kipaimara na sendofu. Mashine niliyonayo ina prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Celeron N4020, nikiiachia video saa mbili usiku, jogoo anawika iko asilimia 40. Maharusi wanapata mtoto wa kwanza hawajaiona video yao! Nimejibana mwaka mzima ninunue kitu cha maana.

Nafika dukani. Rafu ya juu kaweka laptop ya EliteBook yenye stika ya prosesa ya Intel i7 inayong'aa kama kioo cha saluni, anataka laki sita na nusu. Chini kabisa, karibu na ndoo ya kudekia, kuna ThinkPad T495 yenye prosesa ya AMD, Ryzen 5 PRO 3500U, laki tano na themanini. Mimi nimesoma habari za prosesa wiki tatu kabla ya kuja. Nikauliza kwa heshima zote, "Samahani kaka, hiyo i7 ni namba ngapi kamili?" Swali hilo tu. Sikumuuliza ameoa wangapi.

Hakunijibu. Kwanza akawageukia wale vijana wanaoshinda kwenye benchi lake. Halafu akanyanyua mkono wa kulia, polepole, kama mwalimu wa chekechea: "Moja, mbili, tatu, nne, tano. Hiyo ndiyo i5, dada." Akaleta mkono wa kushoto. "Sita, saba. Hiyo i7. Sasa kati ya tano na saba ipi kubwa? Au Tukuyu hesabu hizo hazijafika?"

Vidole viwili vimesimama mbele ya pua yangu. Benchi zima likaangua kicheko, Mlima Loleza ukaitikia. Hata mama mmoja aliyekuja kununua chaja akacheka, mama wa watu, kajifunga kitenge kama mimi!

Vidole viwili, jamani. Pua yangu hapa, vidole pale.

Nikaivuta ile mashine mwenyewe, nikafungua taarifa zake: i7-6600U. Ya mwaka 2015! Hiyo 6 ya mwanzo ndiyo kizazi, yaani toleo, hiyo U ya mwisho ni ya kubana umeme, na ndani ina kori, yaani vichwa vya kufanyia kazi, MBILI. Vile vidole viwili alivyonisimamishia puani ndizo kori zote zilizomo kwenye mashine yake ya laki sita na nusu! Kasoro ya mzigo wake ananionyesha kwa mkono wake mwenyewe, na mimi ndiye ninayechekwa. Ile ya kwenye ndoo ni ya 2019, ina kori 4 na inashika kazi 8 kwa mpigo. Hata i5-8250U ya 2017, hiyo i5 yake ya mkono mmoja, ina kori 4.

Nikamwambia basi nipe ile ya chini. "Hiyo AMD ni ya Mchina, itakuunguza mapaja." Mchina! Kampuni zote mbili ni za Marekani, makao makuu yako mji mmoja, Santa Clara kule California. Intel ilianzishwa 1968, AMD 1969. Na hizo Windows anazopiga kutwa, humo ndani mafaili yameandikwa amd64, kwa sababu mfumo wa biti 64 tunaotumia AMD ndio walioutoa 2003, Intel akaufuata mwaka uliofuata. Anapiga Windows kumi kwa siku na hajawahi kuyasoma hayo maandishi!

Na hayo yote ningesamehe. Bei ningesamehe. Mchina ningesamehe. Vidole sisamehe. Nimetoka na hela yangu kwenye kanga, nimefika barabarani bado naviona. Nikifumba macho, sita, saba. Konda kanionyesha vidole viwili akimaanisha siti mbili zimebaki, nusura nimpige pochi.

Mnyalu_wa_Kihesa

Kamwene dada. Pole sana. Huyo namjua, nilishuka Mbeya kwa shughuli za msiba 2023 nikapita kwake. Mimi hakunihesabia vidole, mimi aliniambia "mzee wangu, Wahehe mnapenda vitu vizito" akanibebesha laptop kama tofali. Nimekuelewa kabisa.

Fundi_Soweto

Dada yuko sahihi na namuunga mkono kwa mikono miwili. Watu wanakimbilia stika. i3, i5, i7 ni madaraja ndani ya kizazi kimoja, ukivuka kizazi hesabu inavunjika. i5-2400 ya kompyuta ya mezani ya mwaka 2011 ina kori 4, hiyo i7-6600U ya 2015 ina 2. Sasa saba kubwa kuliko tano wapi?

Halafu kuna hili ambalo wauzaji hawalisemi: Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel rasmi inaanzia kizazi cha 8. Hiyo i7 ukiikuta na Windows 11 ujue imelazimishwa. Ile 3500U inaingia bila kulazimishwa.

Ila ukiichukua T495, usiiache na RAM (kumbukumbu ya kazi) moja. Grafiksi yake ya Vega 8, sehemu inayochora picha kwenye kioo, haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye RAM ya mashine. RAM moja imechomelewa kwenye ubao mkuu wa mashine na kuna tundu moja la kuongeza. Jaza hilo tundu njia za kumbukumbu ziwe mbili, utaona inavyobadilika kwenye video na kwenye gemu.

Ulanzi_Baridi

Uzi mrefu kama njia ya Chunya, kumbe ni vidole. Mtu ametoka Tukuyu na laki saba kwenye kanga, akakutana na mjini, amekuja kulia kwetu. Ungenunua uende nyumbani.

Binti_Rungwe

@Ulanzi_Baridi wewe hukuwepo! Ungeviona! Alivisimamisha na akavitikisa. Alivitikisa, kaka! Mtu mzima unatikisiwa vidole kama kuku anayefukuzwa shambani, halafu uniambie ningenunua?

@Fundi_Soweto asante sana kaka yangu, ndaga. RAM nitaweka. Ila sinunui kwake hata akinipa bure na nauli juu.

Mteremko_wa_Kitonga

Vidole ni adabu ndogo hiyo. Ngojeni niwaambie yangu.

Iringa mjini, simtaji, wenyeji mtajua, yule anayesema "hii ni ya gemu" kwa kila kitu mpaka kikokotozi. Nilitaka mashine ya mezani ya bei nafuu, dogo wangu anasumbua na mpira wa kwenye kompyuta. Akaniuzia vipande vipande, prosesa i3-12100F, ubao, RAM, boksi. Prosesa safi kabisa, ya 2022, kori 4, kwa gemu inakimbia. Nimefika nyumbani, tumekaa ukoo mzima mbele ya kioo kama tunasubiri matokeo ya kidato cha nne. Nawasha. Feni zinazunguka, taa za rangi zinawaka, kioo cheusi. Siku tatu kioo cheusi! Bibi alishauri tuiombee.

Kumbe hiyo F ya mwisho maana yake haina grafiksi ndani, lazima ununue kadi ya grafiksi pembeni. Alijua! Nimemrudia ananiambia "F ni ya Full, bosi". Full! Kwenye familia yangu mpaka leo nikishika kitu cha umeme wanasema baba F.

Chai_ya_Mufindi

Baba F nimecheka sana hapa Mafinga 😂 Ungechukua Ryzen 5 5600G ya 2021, kori 6 na grafiksi yake ndani, kioo kingewaka siku hiyo hiyo, kadi ungenunua baadaye ukivuna.

Na hili la AMD kuunguza mapaja, ni hadithi ya zamani. Kulikuwa na FX-9590 ya 2013, ya kompyuta ya mezani, wati 220. Hiyo kweli ilikuwa jiko. Tangu Ryzen zianze 2017 mambo yamegeuka. 3500U ya dada ni wati 15 sawasawa na hiyo 6600U ya Intel. Ila kwa baridi ya huku mwezi wa sita, nikiipata hiyo FX naiweka chini ya kitanda.

Mzee_wa_Boda_Tunduma

Vijana mnaidharau Intel. Mimi natumia Intel tangu Pentium 4, haijawahi kuniangusha. AMD ni za watoto wa gemu.

Fundi_Soweto

Mzee wangu shikamoo. Hakuna anayeidharau Intel, i5-8250U naiuza kila wiki na wateja wananishukuru. Lakini hata Intel wenyewe 2024 walikubali kwamba prosesa zao za mezani za kizazi cha 13 na 14 zilikuwa zinadai volti kupita kiasi na kuharibika, wakatoa marekebisho na kuongeza miaka miwili ya dhamana. Kila kampuni ina mwaka wake mbaya. Ninachokipenda AMD ni tundu la kuchomekea prosesa: lile la AM4 lilipokea Ryzen za 2017 na za mfululizo wa 5000 pia. Kwa Intel, kizazi cha 8 cha mezani tundu ni lile lile la 1151 ukihesabu pini, lakini ukichomeka kwenye ubao wa kizazi cha 6 au 7, inakataa.

Mzee_wa_Boda_Tunduma

Marahaba. Mimi bado ni Intel.

Ulanzi_Baridi

Kwa hiyo Fundi unauza kila wiki, sasa tumekuelewa kwa nini unamuunga mkono dada kwa mikono miwili. Vidole kumi kabisa.

Binti_Rungwe

Jamani msitaje vidole kwa mzaha. Nimefika nyumbani, mama ameniuliza iko wapi kompyuta, nimeshindwa kumweleza. Nitamwambiaje, mama nilihesabiwa?

Mama_Njombe_Stationari

Ya kwenu ni maneno tu, maneno hayavunji kitu. Mimi niliagiza kompyuta ya mezani kutoka Dar kwa basi, nimelipia mzigo, nimeandika KIOO kwa wino mwekundu pande zote sita. Jamaa wa ofisi ya mizigo, yule mwenye koti la kijani, mnamjua wote mnaopokea mizigo stendi ya Njombe, kaweka juu yake magunia matatu ya mchele na jenereta. JENERETA! Nimefungua boksi, ile feni ya prosesa imeng'oka na kuondoka na prosesa yenyewe kutoka kwenye tundu, pini zimelala kama mahindi baada ya mvua ya mawe. Nimemwonyesha, ananiambia "hiyo ilitoka Dar hivyo hivyo". Hivyo hivyo!

Mnyalu_wa_Kihesa

Mwenye koti la kijani!! Dada huyo nina naye kesi. Alinikalia mzigo siku nne, kumbe ameugeuza kiti.

Mteremko_wa_Kitonga

Huyo wa koti la kijani alikuwa Makambako kabla hajahamia Njombe. Redio yangu iliishia kwake.

Fundi_Soweto

Mama, Ryzen za AM4 pini ziko kwenye prosesa yenyewe, Intel ziko kwenye ubao. Kama ni Ryzen na pini zimelala tu hazijakatika, zinanyooshwa kwa wembe mwembamba na subira. Ilete.

Mama_Njombe_Stationari

Nitailetaje? Kwa basi tena? Kwa yule yule?

Chai_ya_Mufindi

Tufungue uzi wa koti la kijani peke yake, huu umejaa.

Binti_Rungwe

Samahanini wakuu, kabla hamjahama. Nimekumbuka kitu kingine. Kile kidole cha saba alikipiga busu kabla ya kukishusha. Nimekumbuka sasa hivi nikiwa jikoni. Alikibusu.

Mnyalu_wa_Kihesa

Uzi wa koti la kijani tayari uko juu, njooni na risiti zenu.

Dereva_Fuso_Makambako

Dada wa parachichi, hayo ya kwako ni Hass? Niko Uyole Jumamosi, gari linarudi tupu.