UZI WA HASIRA: Yule wa maiki ameiruka Kansas yote halafu anasema ametengeneza tivi

Mtoto_wa_Mpakani

Wadau sijalala. Saa tisa usiku hii, mbu wananila, simu ina asilimia 11, lakini lazima niandike sasa hivi kabla hasira haijapoa maana ikipoa nitamsamehe na huyu mtu hafai kusamehewa.

Jina simtaji. Kila mtu hapa Busia upande wetu wa Uganda anamjua. Mwenye maiki iliyovalishwa soksi, anayetutafsiria filamu hapohapo. Kile kibanda cha mabati nyuma ya wauza mitumba. Ukisema humjui unajifanya.

Jana ameweka ile Oz ya 2013 (Oz the Great and Powerful), ile ya Disney inayoeleza yule mzee wa nyuma ya pazia, mchawi wa uongo, alifikaje nchi ya Oz kabla ya yule msichana Dorothy. Sasa mimi ile ya zamani ya 1939, The Wizard of Oz ya Dorothy mwenyewe, nimelelewa nayo, mjomba alikuwa na kanda moja tu ya video nyumbani na ndiyo hiyo, imekwaruzika pale kwa simba mwoga mpaka leo nikimwona simba kokote nasubiri akwaruze. Kwa hiyo hii ya 2013 wiki nzima nimemsumbua shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, amekuja likizo kutoka Iganga. Nikamwambia shem, inaanzia Kansas kule Marekani, picha itaanza ndogo, mraba kama tivi ya babu, nyeusi na nyeupe, usiogope, wamefanya makusudi, vumilia dakika ishirini hivi, jamaa akishapanda puto na kimbunga kikamchukua, HAPO ndipo utaona. Picha itafunguka huku na huku kama pazia na rangi itamwagika mpaka usahau karanga mkononi.

Nikalipa elfu moja moja. Karanga za mia tano. Benchi la pili.

Filamu inaanza. Nyeusi na nyeupe. Mraba. Bwana mkubwa akanyamaza katikati ya neno, maiki ikakoroma. Akaitazama tivi. Akaigonga kichwani. AKAIGONGA. Akachukua rimoti akaivuta picha mpaka uso wa James Franco, nyota wa filamu, ukawa mpana kama chapati ya Wandegeya. Akasema, "Banange poleni, stima imekuwa ndogo, rangi imekwenda." Mtu wa nyuma akapiga kelele angalia waya! Akaangalia waya. Kibanda kizima kinaangalia waya, watu na akili zao wameiacha filamu wanaangalia waya.

Halafu akapiga forwadi.

Nikasimama nikasema mzee ndivyo ilivyo hiyo, iache, ni Kansas! Akanijibu kwa maiki, "Yule wa shati ya njano akae chini, hii kazi nimeifanya miaka kumi na mbili." Forwadi. Mazingaombwe yakapita, puto likapita, kimbunga kizima kilipita kama nzi mbele ya taa, na pale picha ilipofunguka hakuna aliyeona kwa sababu ilifunguka kwenye forwadi. Rangi ikaja. Akaachia rimoti, akavuta pumzi ndefu kama daktari ametoka kupasua mtu, akasema:

"Imepona. Nimewatengenezea."

Na watu WAKAPIGA MAKOFI.

Nimewatengenezea!! Watu wamemwaga kama dola milioni 200, mwongozaji Sam Raimi mzima amekaa kitako akaipanga ile dakika, halafu wewe na rimoti yako iliyofungwa raba UMEITENGENEZA?

Na si hiyo tu. Ikafika kwa yule binti wa kaure, mji wao umevunjwavunjwa, miguu yake imekatika, jamaa anamgundisha kwa gundi. Mimi machozi yananilenga. Benchi lote linacheka. Watacheka kwa nini wasicheke, hawakumwona yule mtoto wa kiti cha magurudumu kule Kansas aliyemwomba jamaa amfanye atembee na jamaa akashindwa mbele ya watu! Ni mwigizaji Joey King huyohuyo kwa wote wawili, ndiyo maana yake yote iko hapo! Lakini yuko wapi, yuko ndani ya forwadi. Na bwana mkubwa anatafsiri: "Fundi simu amefika, anabandika skrini."

Mila Kunis akauma tufaha akageuka kijani. "Onyo kwa kina dada, hizi krimu feki za mpakani." Sawa hapo nilicheka kidogo. Sikatai.

Lakini kilichoniua ni njiani tunarudi. Shem kimyaaa, halafu ananiuliza kwa upole kabisa, "Shem, kile kitu ulichosema nisubiri, ni pale tivi ilipopona?"

Nimewatengenezea. Mimi huyo mtu simsalimii tena.

Rolex_Mayai_Mawili

Pole mkuu. Ila shati ya njano kibandani, ulitaka asikuone?

Dereva_wa_Fuso

Nilikuwemo. Nilipiga makofi. Naomba radhi, mimi kweli nilidhani ni tivi.

Mtoto_wa_Mpakani

NI WEWE ULIYEPIGA MLUZI??

Dereva_wa_Fuso

Mluzi na makofi yote mawili. Nilifurahi bana, nilishaanza kudai elfu yangu.

Binti_Kasese

Mleta uzi unalilia dakika ishirini, bahati yako, mimi niliiona nzima. Hata bila forwadi haifai. Franco anatabasamu mwanzo mpaka mwisho kama anauza bima. Na huyo mchawi wa kijani jamani, yaani amekutana na mwanamume jana, wamecheza muziki usiku mmoja, kesho dada mtu anamwambia amekusaliti, basi anauma tufaha moyo unakauka anakuwa adui wa dunia. Kwa mwanamume wa SIKU MOJA. Wa 1939 hakuhitaji sababu, alikuwa anatisha tu. Margaret Hamilton yule aliungua kweli kazini, moto ulimshika uso na mkono wakirekodi, akauguza wiki kadhaa akarudi. Huyu wa sasa ameungua nini? Machozi yake tu ndiyo yamemchubua mashavu.

Boda_Msomi

Siku moja inatosha. Nyie hamjawahi kuachwa.

Binti_Kasese

Nimeachwa na sikugeuka kijani.

Boda_Msomi

Weka picha tuthibitishe

Jirani_wa_Ngambo

Mimi niko hapa upande wa Kenya nasoma nacheka. Kwanza huyo mtafsiri anatafsiri kwa lugha gani? Kiswahili gani cha Uganda? Si tulishaambiwa Kiswahili kilizaliwa pwani kikaugulia kwetu kikafia kwenu.

Mama_Akiki_Dukani

Na unga mnakuja kununulia kaburini? Pita huko.

Jirani_wa_Ngambo

Mama sikatai unga wenu uko bei nzuri. Nilikuwa natania.

Kofia_Kubwa

Swali la kweli. Vile viatu vyekundu vya Dorothy viko wapi kwenye hii mpya? Niliangalia mpaka mwisho nasubiri viatu, nikaangalia mpaka majina ya wapishi.

Binti_Kasese

Viatu vyekundu ni vya ile filamu ya 1939 na haki zake ziko kwa kampuni ya Warner, hii ni ya Disney, hawakuweza kuvigusa. Hata kijani cha mchawi ilibidi watafute kijani kingine kisifanane na cha zamani. Na kwenye kitabu cha Baum cha 1900 wala havikuwa vyekundu, vilikuwa vya fedha. Ile ya 1939 ndiyo ilivipa wekundu ili rangi ionekane vizuri.

Kofia_Kubwa

Viatu vya fedha. Shilingi ngapi?

Binti_Kasese

Fedha ya madini wewe

Kofia_Kubwa

Nauliza tu, wengine tunavaa sandali za tairi.

Kimya_Kingi

Mnamwonea bure mtu wa maiki. Fikirini. Huyo Oz ni nani? Ni mcheza kiini macho wa maonyesho ya mtaani, muongo, hana uchawi hata wa kuwasha kiberiti, na mwishowe anawashinda wachawi kwa nini? Kwa projekta na moshi. Amejificha kwenye sanduku anapiga kelele kwa sauti kubwa, picha ya uso wake iko hewani, watu wanaamini. Sasa huyo ni nani kama si mwenye kibanda? Filamu nzima ni ya mwenye kibanda! Jamaa yenu aliwadanganya ametengeneza tivi na mkapiga makofi. Ameicheza filamu kuliko Franco.

Mtoto_wa_Mpakani

Usiniletee falsafa saa kumi na moja alfajiri. Oz aliwadanganya wachawi, huyu alimdanganya shemeji yangu. NIMEWATENGENEZEA. Alisema huku ananiangalia mimi.

Rolex_Mayai_Mawili

Kwa ile shati hata mimi ningekuangalia

Afande_Mstaafu

Nyinyi kijana ya siku hizi hapana jua filamu. Sisi kule kambini tulikuwa naangalia kwa shuka jeupe, mashine moja, sauti hapana, mtu moja nasimama nasema maneno yote, mwanaume, mwanamke, farasi. Nyeusi na nyeupe mwaka yote na hakuna mtu alilia. Mara moja shuka ilishika moto, tukafikiri ni sehemu ya vita, tukapiga makofi. Kwa hiyo hii ya makofi mimi naelewa.

Dereva_wa_Fuso

Asante afande. Nimepata wakili.

Mama_Akiki_Dukani

Afande farasi alikuwa anasemaje?

Afande_Mstaafu

Iko siri ya jeshi.

Gunner_wa_Malaba

Nyinyi mnalia sababu ya puto. Mimi wangu, kibanda kingine, naye simtaji, alizima jenereta penalti ya TANO. Ya tano! Mpira uko kwenye doa, mpigaji ameshika kiuno, giza. Anasema petroli imeisha, kila mtu aongeze mia tano. Tukachanga. Ikawaka. Wanatoa kombe. Mpaka leo ile penalti sijaiona, nimesimuliwa na watu watatu na kila mmoja ameipiga upande wake.

Boda_Msomi

Na mlichanga?

Gunner_wa_Malaba

Mimi nilitoa elfu, sikuwa na chenji. Mia tano yangu bado ananidai, yaani namdai. Hata sijui tena.

Kofia_Kubwa

Hiyo ni mbaya kuliko ya Kansas. Uzi ufungwe tuhamie kwa Gunner.

Mtoto_wa_Mpakani

Hakuna kuhama! Wadau sikieni, nimepita pale sasa hivi naenda kuchaji simu, ameandika kwa chaki kwenye ubao wa nje: JUMAMOSI, OZ YA ZAMANI, DOROTHY. Ile ya 1939! Ile inaanza Kansas ya rangi ya kahawia, msichana anafungua mlango na nje ndiyo rangi. ATAIPIGA FORWADI MPAKA MLANGONI. Nimemwambia kaka, ile ya kahawia ni makusudi. Ananiambia, "Kahawia ni afadhali, hiyo ni waya tu, nishanunua mpya."

Binti_Kasese

Atamruka Judy Garland, Dorothy mwenyewe, akiimba????

Mtoto_wa_Mpakani

Ndiyo nawaambia!! Nani anakuja tukakae mbele tumshike mkono?

Rolex_Mayai_Mawili

Jumamosi nina harusi. Lakini ngoja nami nitoe langu maana limenikaa kooni tangu asubuhi. Yule wa rolex, chapati ya kuviringisha na mayai, pale steji, na yeye mnamjua, nimeagiza mayai mawili, mbele ya macho yangu anapasua moja, anaongeza maji na nyanya, anakoroga kwa fujo ili nione wingi. Nikamwambia mayai mawili. Ananiambia la pili liko ndani, limeingia kwenye kabichi.

Mama_Akiki_Dukani

Hahaha huyo alinifanyia hivyo juzi! Mimi nilifungua chapati nikaitandaza kwenye meza yake nikamwambia nionyeshe.

Dereva_wa_Fuso

Akakuonyesha?

Mama_Akiki_Dukani

Akanionyesha kitunguu akasema ndicho ute wa yai.

Gunner_wa_Malaba

Nyie mnakula pale chini, panda mpaka kwa yule mama wa mwavuli, yai analivunja mbele yako na ganda anakupa ushike.

Jirani_wa_Ngambo

Kwa yule mama wa mwavuli siku hizi ni bei gani? Nakuja kuchukua unga kesho nipitie.

Mtoto_wa_Mpakani

Wadau, Jumamosi. Kansas.

Boda_Msomi

Elfu mbili na mia tano, mayai mawili. Ukitaka avokado ongeza mia tano.

Kofia_Kubwa

Avokado nusu au nzima?

Boda_Msomi

Robo. Na kisu anakiosha ukimwomba.

Afande_Mstaafu

Avokado kwa rolex hapana.

Mama_Akiki_Dukani

Afande hapo umekosea vita, avokado ndiyo rolex yenyewe.

Mtoto_wa_Mpakani

Avokado hapana mama, inafanya chapati inalegea, inakatika mkononi kabla hujafika nusu. Mimi naweka kabichi na pilipili tu.