Outlook inaendelea kudai nenosiri baada ya kulibadilisha

Mhasibu, Kurasini

Wakuu, habari za kazi. Ofisi yetu ni ya uwakala wa forodha, na barua pepe tunazisoma kwa Outlook iliyounganishwa na seva ya kampuni. Jumatatu nenosiri langu lilikwisha muda, na mtu wetu wa TEHAMA akanipa la muda. Nilipotaka kuweka langu mwenyewe, refu, lenye herufi kubwa na ndogo, tarakimu na alama, kompyuta ilikataa ikisema kwamba halikidhi masharti ya urefu, ugumu au historia. Kesho yake nenosiri lile lile likakubaliwa bila kubadilishwa hata herufi moja. Tangu hapo Outlook inaniletea kila mara kidirisha cha kudai nenosiri, na ikifika saa nne asubuhi akaunti nzima inakuwa imefungwa, ilhali wateja wanasubiri nyaraka za kutolea makontena bandarini. Naomba msaada, kwa kuwa kila nikifunguliwa akaunti, inafungwa tena.

Fundi mitandao, Posta

Pole sana, ndugu. Hayo ni matatizo mawili, nami nitajibu la kwanza. Seva za Windows zinazotunza akaunti kwa Active Directory huja na masharti yaliyokwishawekwa: nenosiri lisipungue herufi 7, lisiwe mojawapo ya 24 yaliyotangulia, na likae angalau siku 1 kabla ya kubadilishwa tena. Sharti hilo la siku 1 halitajwi kabisa kwenye ujumbe wa kosa, ndiyo maana watu wengi huhangaika kuongeza alama na tarakimu wakati nenosiri lao halina kasoro yoyote. Ulipopewa lile la muda, siku hiyo 1 ilianza kuhesabiwa upya. Mtu wa TEHAMA angetia alama kwenye kisanduku kinachomlazimu mtumiaji kubadilisha nenosiri mara aingiapo, sharti hilo lisingekugusa.

Msimamizi wa seva, Mwenge

Niendelee na la pili. Akaunti haijifungi yenyewe; kuna kifaa kinachoendelea kubisha hodi kwa nenosiri la zamani, na mara nyingi ni simu, kwa sababu programu yake ya barua pepe hujaribu kuingia hata simu ikiwa mfukoni. Anza kwa kuzima intaneti ya simu, ndipo uombe kufunguliwa akaunti. Ukifunguliwa kabla, utarudi palepale. Kisha funga Outlook, ingia Control Panel, fungua Credential Manager, nenda sehemu ya Windows Credentials na ufute kumbukumbu zinazohusu Outlook na seva ya barua, halafu washa Outlook uandike nenosiri jipya. Simu iwe ya mwisho.

Mtu wa TEHAMA naye asome kwenye seva ya akaunti tukio namba 4740, ambalo huandikwa akaunti inapofungwa na hutaja kompyuta yalikotokea majaribio. Ikitajwa seva ya barua pepe badala ya kompyuta yako, basi majaribio yanapitia hapo kutoka kwenye kifaa cha mkononi.

Mhasibu, Kurasini

Nashukuru sana. Tukio lilitaja seva ya barua pepe, ilhali simu yangu ilikuwa imezimwa. Tumekuja kukuta ni kishikwambi cha ofisi anachokwenda nacho karani wetu bandarini, ambamo akaunti yangu iliwekwa zamani ili apokee nyaraka. Tumeiondoa, na tangu jana mchana sijadaiwa nenosiri. Je, sharti la siku 1 linaweza kuondolewa lisitusumbue tena?

Fundi mitandao, Posta

Lisiondolewe. Sharti hilo ndilo linaloilinda historia, kwani bila hilo mtu aliyezoea nenosiri lake hubadilisha mfululizo mpaka yale 24 yaishe, akarudia la zamani siku hiyo hiyo. Kinachotakiwa ni kutia alama kwenye kile kisanduku kila linapotolewa nenosiri la muda. Karani naye apewe akaunti yake, au lifunguliwe sanduku la barua la pamoja ambalo kila mmoja ataliingia kwa nenosiri lake mwenyewe.