Rimu za Impreza kwenye Premio, zinaingia?

sangara_nyegezi: Wakuu habari, nina Toyota Premio ya 2003 imevaa tairi 195/65R15 (rimu inchi 15), kuna jamaa hapa Buzuruga, Mwanza, anauza rimu za spoti inchi 16 zilizotoka kwenye Subaru Impreza, anasema tundu tano ni tundu tano zinaingia tu. Nimwamini?

fundi_igoma: Tundu tano sio hoja mkuu, hoja ni umbali wake. Premio yako ni 5x100 (tundu tano kwenye duara la kipenyo cha milimita 100) na Impreza za kawaida nazo 5x100, hapo uko poa, angekuletea za Mark X ni 5x114.3 usingefunga kitu. Shida ni tundu la katikati, Subaru milimita 56.1 Toyota 54.1, weka ringi ya kujazia la sivyo ukishika spidi stelingi inatetemeka. Na nati usichukue za Subaru, nafasi ya uzi wake ni milimita 1.25 wako 1.5, ukilazimisha unaua studi. Nunua za Toyota zenye kichwa cha koni.

mama_k: Geuza rimu usome ET kwa nyuma (milimita toka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapofungwa kwenye habu). Namba ikizidi ya zamani rimu inasogea ndani kwenye shokomzoba

dogo_kirumba: weka tairi 205/55R16, kimo karibu kile kile na za sasa

fundi_igoma: Kabla hujalipa funga moja mbele, shusha jeki, kata stelingi mpaka mwisho kulia na kushoto, pitisha kidole kati ya tairi na shokomzoba. Halafu nyuma pakia watu wazito upande nao mlima wa Bugando, ikikwaruza fenda utasikia.

sangara_nyegezi: Shukrani wakuu, watu wazito ninao nyumbani 😂