Mrejesho: ile neti ya badminton ya kukunja

Wakuu, niliuliza kama neti ya kukunja ya mita 3 inafaa kwenye ua wetu wa Tabata, maana uwanja kamili unataka upana wa mita 6.1 na hapa hatufiki huko. Nimeichukua, kuifunga ni fasta tu, haichimbiwi mashimo, inasimama hata kwenye pevingi. Shida upepo wa jioni, ilikuwa inalala kabisa, nikaning'iniza vidumu vya maji miguuni ikatulia. Aliyesema nichukue shatokoki (vile vidude vyenye mabawa tunavyopiga badala ya mpira) za plastiki badala ya za manyoya, asante sana, za manyoya zingeisha siku mbili. Wakubwa tunaipandisha mita 1.55 kama ya mashindano, madogo tunawashushia wanapiga tenisi ya mpira wa sponji. Mama mwenye nyumba naye sasa anacheza, smashi zake (yale mapigo ya nguvu ya kushusha chini) ni hatari.