Ukoo wa Mzee Mbaruku: laptopu ya Shangazi

Shangazi Mwajuma: Assalaam alaykum wanangu. Laptopu yangu imeingiliwa. Kila nikikaa, pale kwenye kona kinachomoka kiboksi chekundu, eti nina virusi 5 na antivirusi imekwisha muda, nilipie leo. Na flashi ya hesabu za vikoba nikiichomeka, mafolda yote yamegeuka vitu vyenye vishale. Nipeni antivirusi ya bure. Kikao kesho saa 10 jioni.

Ba' Mkubwa Athumani: Weka Smadav. Mimi ninayo tangu zamani, sijawahi kuugua.

Dada Zuhura: Shikamoo shangazi, shikamoo ba' mkubwa. Ofisini kwetu tunatumia Avast ya bure, nzuri tu.

Shangazi Mwajuma: Marahaba mwanangu. Sasa ipi? Bando langu dogo, sitaki kushusha zote mbili.

Ba' Mkubwa Athumani: Marahaba. Zote mbili za nini? Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Mama Mdogo Asha: ⚠️IMESAMBAZWA MARA NYINGI⚠️ Usifungue picha ya MAUA YA ASUBUHI, ukiifungua tu simu inafutika na pesa zote zinaondoka! Watumie watu 20

Dada Zuhura: Mama mdogo 😂😂

Mama Mdogo Asha: Si nimetumiwa na mimi.

Salim: Shikamooni wakubwa. Shangazi, usipakue kitu kwanza, wala usibonyeze hicho kiboksi. Kinatoka ukiwa umefungua Chrome au hata ukiwa unaandika Excel?

Shangazi Mwajuma: Marahaba Salim. Hata nikiwa kwenye Excel. Ila ukikitazama vizuri, juu yake kuna kialama cha Chrome.

Salim: Basi hicho hakitoki kwenye antivirusi yoyote. Kuna tovuti iliomba ruhusa ya kukutumia taarifa, mtu akabonyeza "Allow". Sasa inakutisha ili ulipe. Ingia Chrome, Settings, Privacy and security, Site settings, Notifications. Utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa. Ifute yoyote usiyoijua.

Shangazi Mwajuma: Zipo tatu. Majina kama ya dawa za mende. Moja ina neno "livefootball".

Salim: Abdul upo?

Abdul: Nilikuwa naangalia Simba na Yanga tu. Ilisema bonyeza Allow uthibitishe wewe si roboti.

Ba' Mkubwa Athumani: Na mechi uliiona?

Abdul: Hapana mjomba, ilizunguka tu mpaka dakika 90.

Shangazi Mwajuma: Nimefuta zote. Kiboksi kimenyamaza. Abdul tutaongea nyumbani.

Salim: Sasa hiyo ya vishale ndiyo kirusi chenyewe. Uliichomeka wapi hiyo flashi?

Shangazi Mwajuma: Steshenari ya pale stendi, nilikwenda kuprinti fomu za mikopo.

Salim: Mara nyingi ndiko vinakopatikana. Kompyuta ile inachomekwa flashi za mji mzima. Kirusi kikiingia kinayaficha mafolda yako, halafu kinaweka shotikati, yaani njia za mkato, zenye majina yale yale. Ukibonyeza, kwanza kinajiwasha chenyewe, kisha ndipo kinakufungulia folda ili usishtuke. Hesabu zako zipo, hazijafutika.

Shangazi Mwajuma: Alhamdulillah. Nilishaanza kufikiria nitawaambia nini wanachama.

Dada Zuhura: Kwa hiyo Avast au Smadav?

Salim: Hakuna. Windows 10 na 11 zimekuja na yake, Microsoft Defender. Bure, haina matangazo, haikuombi uboreshe kwa hela. AV-TEST ya Ujerumani, wanaozipima hizi programu, wameipa 6 kati ya 6 mara nyingi. Miaka ya nyuma ilikuwa dhaifu kweli, ndiyo maana mafundi wengi bado wanaidharau.

Dada Zuhura: Ila Avast ina kosa gani?

Salim: Kukamata inakamata. Lakini mwaka 2020 ilibainika kampuni yake tanzu, Jumpshot, inauza taarifa za tovuti wanazopitia watumiaji. Jumpshot ikafungwa, na Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikaidai Avast dola milioni 16.5. AVG, antivirusi nyingine, nayo waliinunua wao 2016. Siku hizi hizo mbili, na Avira, na Norton, zote zipo chini ya nyumba moja, Gen Digital. Ukiwa lazima utake ya nje, mimi ningechukua Bitdefender ya bure, ya Waromania. Ila kwa nini ubebe maji na kisima unacho?

Ba' Mkubwa Athumani: Smadav hujaitaja.

Salim: Ba' mkubwa, Smadav ya Waindonesia si mbaya kwa flashi. Lakini hata wao wenyewe wanasema ni ya kusaidiana na antivirusi nyingine. Ni mgambo, si polisi.

Ba' Mkubwa Athumani: 😐

Shangazi Mwajuma: Kama hiyo Defender ninayo, mbona haikukamata kirusi?

Salim: Hapo ndipo pananisumbua. Bonyeza Start, andika Windows Security. Kuna alama ya kijani?

Shangazi Mwajuma: Kijani kitupu.

Salim: Virus & threat protection, kisha Manage settings. Shuka mpaka chini kabisa penye "Exclusions". Fungua, nisomee kilichomo.

Shangazi Mwajuma: Ananiuliza ruhusa. Nimesema Yes. Kimeandikwa kitu kimoja tu: C:\

Salim: Lo.

Mama Mdogo Asha: Lo nini? Usitutishe.

Salim: Hiyo ni orodha ya vilivyosamehewa. C:\ maana yake diski nzima. Ni kama umeajiri mlinzi, ukamwambia alinde nyumba yote isipokuwa ndani ya uzio. Na taa inabaki kijani. Nani alikupigia Windows?

Shangazi Mwajuma: Fundi mmoja aliyeletwa na kaka Athumani. Aliweka na Office, elfu 15 zote.

Salim: Office ya kraki, yaani ya wizi, iliyovunjwa kufuli la leseni. Defender huwa inaifuta kraki, kwa hiyo baadhi ya mafundi wanaisamehe diski nzima ili kazi ipite, halafu hawarudishi. Ondoa hiyo C:\ sasa hivi, bonyeza Remove.

Shangazi Mwajuma: Imeondoka.

Salim: Washa intaneti, bonyeza Check for updates ili ipate saini mpya, yaani alama za kuvitambulia virusi. Kisha Scan options, Full scan. Flashi ichomoe kwanza. Itachukua saa kadhaa.

Shangazi Mwajuma: Betri imekufa hii, inaishi kwa waya. Umeme ukikatika?

Salim: Unaanza upya. Omba Tanesco wasikuone.

Dada Zuhura: Salim, ya kwangu nyumbani ni Windows 10. Si ilisitishwa?

Salim: Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Saini za Defender wamesema wataendelea kuzituma hadi Oktoba 2028, lakini matundu ya Windows yenyewe hayazibwi, labda uwe umejiandikisha ule mwaka wa nyongeza unaoishia Oktoba 2026. Mashine ikikubali 11, hamia.

*(saa 2:40 usiku)*

Shangazi Mwajuma: Imemaliza! Imekamata 4. Moja inaitwa HackTool:Win32/AutoKMS.

Salim: Hiyo ndiyo kraki yenyewe. Zote bonyeza Remove, kisha Start actions. Office ikianza kukudai leseni usishangae, LibreOffice ni bure na inafungua faili zako za Excel. Sasa chomeka flashi, usifungue kitu, bonyeza kulia juu yake uchague Scan with Microsoft Defender. Ikimaliza, Start, andika cmd, fungua, halafu andika hivi hivi na nafasi zake:

`attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`

Kama flashi yako si E, weka herufi yake.

Shangazi Mwajuma: Ilikuwa F. Subiri.

Shangazi Mwajuma: YAMERUDI! Hisa, Mikopo, Faini, yote. Mungu akubariki mwanangu.

Salim: Amina shangazi. Vile vya vishale vilivyobaki vifute. Na ukitaka kuprinti, mtumie yule kijana wa steshenari PDF kwa WhatsApp. Flashi ibaki nyumbani.

Mama Mdogo Asha: Wifi, kwenye daftari la faini jina langu lipo?

Shangazi Mwajuma: Lipo. Mara mbili.

Ba' Mkubwa Athumani: Salim njoo inboksi mara moja.

Dada Zuhura: Ba' mkubwa, na kwako imeandikwa C:\?

Ba' Mkubwa Athumani: Nimesema inboksi.