P7 (darasa la saba) kwenda S1 (kidato cha kwanza): wasichana wanaozwa katikati, kikundi cha wazazi kiweke pesa wapi?

Mzazi_Busia:
Habari zenu. Kikundi cha wazazi wa shule moja ya UPE (msingi wa serikali bila karo) huku Busia, Uganda, kina akiba ndogo, mfadhili hana. Mikutano imefanyika, fulana zimegawiwa, na bado kila mwaka wasichana wawili watatu waliofanya PLE, mtihani wa mwisho wa msingi, hawaonekani S1. Unasikia tu wako kwa watu. Pesa iende wapi kwanza? Na mahari ikiwa imeshapokewa, inakuwaje?

Kufuli_Tatu:
Ndugu, anza na kalenda. PLE hufanyika mwanzoni mwa Novemba, S1 huanza Februari au baadaye. Miezi yote hiyo msichana yuko nyumbani, daftari hana, na wageni wa Krismasi wanaingia. Posa huletwa hapo. Sasa tazameni na sanduku lenu: vikundi vingi vya kuweka na kukopa hugawana Desemba, pesa inaliwa sikukuu, shule zikifunguliwa hakuna kitu. Sogezeni mgao hadi mwisho wa Januari, au tengeni mfuko wa pili wenye daftari lake, usiokopeshwa baada ya Oktoba.

USE, mpango wa serikali wa sekondari bila karo, upo tangu 2007, lakini mara nyingi kinachomkwamisha mtoto getini ni ile orodha: godoro, ndoo, rimu ya karatasi, jembe, ufagio, sare. Nunueni vitu vyenyewe, na cha kulipa kiende benki kwenye akaunti ya shule. Pesa mkononi mwa baba hata asipoinywa, hatakosa mgonjwa wa kumtibu.

Dada_wa_Klabu:
Na likizo hiyo ijazwe. Klabu za wasichana za shirika la BRAC, zilizoanza Uganda 2008, zilifunguliwa alasiri tano kwa wiki, mlezi akiwa dada aliyewazidi umri kidogo, wakijifunza afya ya uzazi pamoja na ufundi. Utafiti uliowafuata miaka minne ulikuta mimba na ndoa za mapema zimepungua sana. Maoni yangu: cherehani bila mazungumzo ni cherehani tu.

Pedi za kitambaa, tatu au nne kwa kila msichana. Zinafuliwa kwa maji baridi na sabuni (ya moto hugandisha doa), zinaanikwa juani. Zinapofeli ni hapa: mtoto anaona haya, anazificha chini ya godoro, hazikauki, zinanuka, anawashwa, anaacha kuzivaa, na siku zake zikija haendi shule. Kamba nyuma ya nyumba na kitambaa chepesi juu yake vinatosha.

Mtu_wa_Sheria:
Swali la mahari. Katiba ya 1995, ibara ya 31, inasema ndoa ni kuanzia miaka 18. Wazee watakutajia sheria ya ndoa za kimila ya 1973 iliyoruhusu msichana wa 16. Katiba iko juu yake. Kwa hiyo ng'ombe waliopokewa hawajafanya ndoa. Baba akihofia kudaiwa ng'ombe alioshawauza, mwambie Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2015 kwamba kudai mahari irudishwe ndoa ya kimila ikivunjika ni kinyume cha Katiba. Hukumu ile ilihusu wanandoa, si watoto, lakini ukiitaja barazani anayedai hupunguza sauti.

Kesi nyingi hufia kwenye umri: ghafla mtoto "ana 18". Tangu mwanzo wa mwaka, kabla ya ugomvi wowote, wekeni nakala za cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo na rejista ya P1. Likitokea jambo, pigeni 116, simu ya msaada kwa watoto iitwayo Sauti, ni bure. Kisha afisa wa ustawi wa jamii wa wilaya na kitengo cha polisi cha watoto na familia. Akiwa ameshanajisiwa, kituo cha afya kwanza, ndani ya saa 72, apate dawa za kuzuia VVU. Asioge, nguo zisifuliwe, fomu ya polisi PF3A ijazwe. Na mwenyekiti wa kijiji (LC1) asimalize kwa mbuzi. Unajisi si kesi ya baraza lake.

Mzazi_Busia:
Asanteni sana. Na mwenye mimba tayari?

Mtu_wa_Sheria:
Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 unampa likizo mimba ikifika miezi mitatu, na unamruhusu kurudi mtoto akifikisha miezi sita. Mwalimu mkuu akikataa, mwombeni kwa adabu aandike barua ya kukataa. Wengi hapo hukosa kalamu.