Kung'oa boksi la hewa kwenye Boxer 150 na kufunga koni: inalipa au tunadanganyana?

Kijiwe_Mwembeni: Wakuu, nina Boxer 150 ya mkataba. Fundi wetu anang'oa boksi lote la hewa, anafunga chujio la koni wazi kwenye mdomo wa kabureta, 35,000 na ufundi humo humo. Jamaa yangu kafunga, sauti imekuwa nzito na anasema inaitika haraka. Inalipa?

FundiNati: Hailipi. Injini yenyewe cc 144.8, nguvu za farasi 12 hivi. Ukiongeza hewa bila kugusa jeti, kile kitundu cha kupitisha petroli ndani ya kabureta, petroli inakuwa kidogo kuliko hewa na injini inachemka. Chomoa plagi baada ya wiki. Ikiwa nyeupe kama chokaa, umeumia. Inatakiwa kahawia, rangi ya chai ya maziwa. Halafu vumbi. Washamba wa mikoani wanaofunga hizo koni ndio wanaonilipia ada za watoto, kila wiki ringi na pistoni.

Mgogo_Halisi: Washamba nani? Nyie wa Dar lami mnayo Posta, Chanika huko ndani mnapita wapi? Sisi vumbi tunalijua kwa jina. Kila Jumapili natoa sponji, naiosha kwa sabuni, naiminya bila kuisokota, naianika kivulini, naipaka oili kidogo. Mwaka wa nne huu, ringi za kiwandani. Fundi wa lami akanifundishe nini?

FundiNati: Mzee, hapo umenitetea. Hilo sponji liko ndani ya boksi au nje?

Mgogo_Halisi: Tuongelee kwanza neno washamba.

Dogo_Gia5: Mimi nimefunga koni na nawapita wote mlimani. Wivu tu.

FundiNati: Unapita kwa sikio, dogo. Boksi lilikuwa linameza mlio wa hewa, sasa unausikia wote unadhani ni mbio. Pakia abiria yule yule, panda mlima ule ule, shika saa. Kisha pitisha kidole ndani ya mpira wa kabureta. Kikitoka na ungaunga mwekundu, hiyo ndiyo sandipepa inayosugua silinda yako.

Mama_Chombo: Samahanini wanangu. Pikipiki ya mkataba ni ya mwenye kadi mpaka hesabu ya mwisho. Nani kamruhusu kung'oa?

Dogo_Gia5: Shikamoo mama. Elfu kumi kila siku miezi 14 ni zaidi ya milioni nne, chombo chenyewe kilinunuliwa hata hazifiki. Ringi zikiisha mnasema "tengeneza mwenyewe, ni yako". Ikifika koni, ni yenu?

Mama_Chombo: Marahaba. Hiyo milioni yako ya hesabu, ulitoa wewe siku ya kununua? Pikipiki ikiibiwa wewe unahama kijiwe, mimi nabaki na deni la kikoba.

Kapteni_Bajaji: Matajiri wa mikataba ni wanyonyaji, nimemaliza.

Mbeya_Baridi: Mnagombana bure. Huku tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa haba. Pikipiki ikija na jeti ya Dar inakuwa na petroli nyingi, plagi nyeusi masizi, inakohoa. Rafiki yangu kafunga koni ikatulia. Kwa hiyo inategemea uko wapi.

FundiNati: Huyu ndiye wa kwanza kusema kitu. Lakini dawa yake ni jeti ndogo, chujio libaki pale pale.

Kapteni_Bajaji: Watu wa Mbeya nao, kila mada lazima watuambie kuna baridi.

Mgogo_Halisi: Na bado hajaomba radhi.

Jangwani_Majini: Mvua ya mwaka jana nilikuwa na koni, nikaingia dimbwi la magotini. Ikavuta maji, ikakata, kiki haishuki hata ukiikanyaga kwa miguu miwili. Konirodi, ule mkono unaoshika pistoni, imepinda. Mwenzangu mwenye boksi kapita ananipungia mkono.

Kijiwe_Mwembeni: Asanteni wakuu, nimeelewa. Sasa swali lingine. Fundi alishaanza asubuhi, na ili boksi litoke alilikata kwa msumeno. Linaungika?

Mama_Chombo: Mwembeni ipi? Kadi ya hiyo pikipiki ina jina la nani?